Kompyuta Haijapima Hata Tone Moja la Damu

Kuna rai inayotembea Maskati siku hizi, nayo imezoeleka kiasi kwamba wengi hawaioni tena kuwa ni rai. Inasema kwamba katika elimu ya seli zama za maabara zimepita. Anayetaka kujua utando wa seli unavyofanya kazi hana haja ya mashine za mamilioni ya riali, wala kemikali zinazoagizwa Ulaya na kulala forodhani, wala majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Anahitaji kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, programu ya bure na mwanafunzi mwenye subira. Nimeisikia rai hii kwa walimu wa vyuo na kwa wazazi wanaouliza mtoto asome nini. Nimeisikia pia kwenye mabaraza yetu Waswahili wa hapa, kuanzia Seeb hadi Al Khoud, ambako habari ya masomo ya vijana haiishi. Ndugu zetu wa Zanzibar na Dar es Salaam wanaipenda hata kutuzidi, maana huko fedha ya utafiti ni haba zaidi.

Naipinga. Na sitaipinga kwa maneno ya jumla, bali kwa kitu kimoja kinachotajwa sana na wanaoitetea: uigaji wa kompyuta wa lipidi zisizoshiba katika utando wa seli.

Kwanza niieleze hoja yao kwa haki. Kila seli ya mwili imefunikwa na utando wenye tabaka mbili za lipidi, unene wake ukiwa kama nanomita 4. Kila lipidi ina kichwa kinachopenda maji na, kwa kawaida, mikia miwili inayoyakimbia. Mkia ni mnyororo wa kaboni. Kaboni zote zikiwa na haidrojeni kamili, mkia umeshiba. Pakiwa na muungo maradufu kati ya kaboni mbili, haidrojeni zimepungua na mkia haujashiba. Tofauti hiyo ndogo ina uzito mkubwa. Asidi ya steariki na asidi ya oleiki zote zina kaboni 18, lakini ya kwanza, iliyoshiba, huyeyuka kwenye nyuzi 69 za Selsiasi, na ya pili, yenye muungo maradufu mmoja tu, huyeyuka kwenye nyuzi kama 13. Hakuna darubini inayoweza kuufuata mkia mmoja wa lipidi unapojipinda ndani ya utando ulio hai. Kompyuta inaweza kuuchora. Inakokotoa nguvu inayosukuma kila atomu, inaisogeza atomu kwa hatua ya femtosekunde 2, inakokotoa tena, inasogeza tena, mara mamilioni. Herman Berendsen na wenzake wa Groningen, Uholanzi, walianza kuiga tabaka mbili za aina hii mwanzoni mwa miaka ya 1980, na programu ya GROMACS iliyozaliwa chuoni hapo hutolewa bure. Mwaka 2013 Tuzo ya Nobel ya kemia ilikwenda kwa Karplus, Levitt na Warshel kwa kuweka misingi ya hesabu za namna hii. Basi, wanasema, kwa nini tununue maabara?

Hayo yote ni kweli. Kosa limo katika swali la mwisho.

1. Namba zinatoka wapi

Watetezi wa rai hii hawaulizi kompyuta imejuaje nguvu iliyopo kati ya atomu na atomu. Haikujua, iliambiwa. Kila uigaji huendeshwa na jedwali la vigezo: muungo huu una ugumu kiasi gani, pembe hii hupendelea nyuzi ngapi, kaboni hii inavutana vipi na maji. Baadhi ya namba hizo hutokana na hesabu za fizikia ya kwanta, kisha husawazishwa hadi matokeo yalingane na vipimo vya maabara. Bila vipimo hivyo hakuna wa kusema kama jedwali ni sahihi au ni uzushi.

Tazama muungo maradufu wenyewe. Mwaka 1977 Anna Seelig na Joachim Seelig wa Basel, Uswisi, walichapisha kazi iliyotumia lipidi ambazo haidrojeni za mkia zilibadilishwa, mahali baada ya mahali, kwa haidrojeni nzito. Walizisoma ndani ya sumaku kubwa wapate kujua kila kipande cha mkia kina mpangilio kiasi gani. Penye muungo maradufu walikuta namba imeshuka ghafla. Mtu wa haraka angeamua kwamba hapo pana vurugu tupu. Lakini sehemu kubwa ya mshuko ule ilitokana na jinsi muungo ule ulivyolala ndani ya utando, si fujo. Kugundua hivyo kulihitaji mkemia wa kutengeneza lipidi zile kwa mkono, moja moja. Mpaka leo anayeunda vigezo vya lipidi zisizoshiba huhukumiwa kwa vipimo vya aina ile.

Na hukumu huwa kali. Jedwali liitwalo CHARMM27 lilitumiwa na watafiti wengi kwa miaka. Lilikuwa na kasoro: utando wa DPPC, lipidi iliyoshiba ambayo kwa kweli huacha kuganda kwenye nyuzi 41, ulipoachiwa ujiamulie eneo lake kwenye nyuzi 50 ulibanana kuelekea hali ya kuganda. Watafiti wakalazimika kuunyoosha kwa nguvu ya nje ili ufanane na utando. Marekebisho yalitoka mwaka 2010, katika kazi ya Jeffery Klauda na wenzake. Aliyewaambia kwamba wamekosea hakuwa kompyuta. Ni vipimo vya eksirei, nyutroni na sumaku, yaani maabara ileile tunayoambiwa imepitwa na wakati.

Anayesema uigaji umechukua nafasi ya kipimo anajipinga mwenyewe, kwa kuwa kila anachokiamini kwenye skrini yake kimekopwa kwa mtu aliyepima.

2. Jibu sahihi kwa njia potofu

Wanajibu: lakini matokeo yanalingana na ukweli, yatosha. Hayatoshi, na historia ya utando ndiyo shahidi bora. Mwaka 1925, mjini Leiden, Gorter na Grendel walitoa lipidi kutoka chembe nyekundu za damu, wakazitandaza juu ya maji, wakakuta eneo lake ni maradufu ya eneo la chembe. Wakatangaza kwamba utando una tabaka mbili. Walipatia. Ila hawakuwa wametoa lipidi zote, na eneo la chembe nalo walilikadiria chini ya lilivyo. Makosa mawili yalifutana. Ilibidi wengine warudie kazi ile mwaka 1966 ndipo hesabu iwekwe sawa. Hawa walikuwa watu waliogusa damu yenyewe. Je, mtu mwenye jedwali la mamia ya namba, ambazo yoyote inaweza kuficha kosa la mwenziwe?

Kwenye lipidi zisizoshiba tumekwisha kuyaona makosa ya kompyuta. Mwaka 1986 Applegate na Glomset, wakitumia kompyuta, walichunguza umbo la DHA, ile asidi mafuta ya samaki yenye kaboni 22 na miungo maradufu 6. Walitafuta maumbo yenye nishati ndogo, wakapata mikia iliyonyooka kwa mpangilio mgumu, mingine kama chuma cha pembe, mingine kama parafujo. Picha hizo zilipendeza na zikaelezea jinsi mikia hiyo ingeweza kupangana vizuri. Mwaka 2002 Feller, Gawrisch na MacKerell walitoa uigaji ulioambatana na vipimo vya sumaku, na DHA ikaonekana kinyume kabisa: miungo ya kawaida iliyo jirani na ile maradufu huzunguka kwa urahisi mno, na mkia hubadili umbo kwa kasi inayoupita mkia ulioshiba. Ule ugumu wa 1986 ulitokana na njia iliyotumika, haukuwa wa DHA. Kilichotenganisha picha mbili hizi ni kwamba ya pili ilisimamishwa mbele ya kipimo.

Wenyewe waigaji waaminifu wanalijua hili. Mradi wa wazi wa NMRlipids ulilinganisha majedwali zaidi ya kumi na vipimo vya sumaku vya kichwa na shingo ya lipidi, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 hakuna hata moja lililofikia usahihi wa vipimo kote. Taarifa hiyo iko wazi kwa yeyote. Wanaotuuzia kompyuta kama mbadala wa maabara hawaitaji.

3. Jambo kubwa kuliko yote halimo

Hapa ndipo ninapokasirika zaidi.

Mafuta yasiyoshiba yana tabia moja ambayo kila mvuvi wa Batinah anaijua bila kusoma kemia: yanaharibika. Dagaa wanaoanikwa mchangani kuwa chakula cha ngamia na ng'ombe hubadilika harufu upesi, kwa sababu mafuta yao yamejaa miungo maradufu na oksijeni huyavamia. Kaboni iliyobanwa kati ya miungo maradufu miwili huishika haidrojeni yake kwa ulegevu. Asidi ya oleiki haina mahali pa namna hiyo. Ya linoleiki ina mahali pamoja. DHA ina mahali patano. Haidrojeni ikishang'olewa, oksijeni huingia, mkia mmoja huuchokoza wa pili, wa pili huuchokoza wa tatu, na mwisho mikia hukatika, utando hutoboka na seli hufa. Retina na ubongo, vilivyojaa DHA, huishi na hatari hii kila dakika. Joto nalo huchochea. Tarehe 26 Juni 2018, Qurayyat, katika mkoa huuhuu wa Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku wala mchana. Kama kuna mji duniani wenye sababu ya kuchunguza jinsi mafuta yasiyoshiba yanavyooza, ni huu.

Sasa sikiliza. Uigaji wa kawaida wa utando, huu unaofundishwa kwa programu za bure, hauwezi kuvunja muungo. Kila muungo umeandikwa kama springi isiyokatika. Weka DHA na oksijeni humo, pandisha joto, subiri mwaka mzima, hakuna kitakachooza. Mafuta ya samaki ndani ya kompyuta yatabaki mabichi milele. Zipo njia za hesabu zinazoruhusu muungo kukatika, lakini ni nzito na hushughulikia kipande kidogo kwa muda mfupi. Wapo pia wanaochukua lipidi iliyokwisha kuoza na kuipandikiza kwenye utando wa kuigiza waone itafanya nini. Kazi hiyo ina maana. Ila mtu lazima kwanza ajue lipidi imeoza kuwa nini na kwa kiasi gani, na hilo anaambiwa na maabara.

Kwa hiyo tumeletewa chombo kisichoona sifa inayoyatofautisha mafuta yasiyoshiba na mengine kwa walaji, wavuvi na wagonjwa, tukaambiwa kinatosha.

4. Utando wa wastani si utando wa mtu yeyote

Nije kwenye damu, maana hapa suala linagusa nyumba zetu. Karibu watu 6 katika kila 100 wa Oman wanabeba kirithi cha selimundu. Tanzania huzaa takriban watoto 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka. Wala haya si mambo mawili yaliyokutana kwa bahati: uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba selimundu ya Oman ina asili zaidi ya moja, na mojawapo ni ile ya kundi liitwalo la Kibantu, iliyotoka upande wetu wa Afrika. Bahari iliyobeba lugha hii ilibeba na ugonjwa huu.

Selimundu huanzia kwenye himoglobini, lakini utando wa chembe nyekundu hauponi. Mikia ya mafuta ya samaki, yaani EPA na DHA, imekutwa imepungua katika chembe za wagonjwa. Mwaka 2013 Ahmed Daak na wenzake walichapisha majaribio ya wagonjwa 140 wa Sudan, ambako waliopewa omega-3 walipata vipindi vichache vya maumivu kuliko waliopewa dawa bandia. Utando, basi, ni mahali ambapo chakula huenda kikasaidia tiba. Na mwaka 2020 Lorent na wenzake walipima chembe nyekundu za binadamu wakakuta tabaka la ndani la utando lina miungo maradufu karibu mara mbili ya tabaka la nje. Tabaka mbili za utando mmoja, tabia mbalimbali.

Muigaji ataanza na nini? Ataanza na orodha: lipidi ngapi za aina gani, tabaka gani. Uigaji mashuhuri wa Groningen wa mwaka 2014 ulikuwa na aina 63 za lipidi na jumla ya lipidi kama 20,000. Kazi kubwa. Lakini ulijiita kielelezo cha utando wa wastani wa mamalia, na haukudai zaidi. Mtoto wa Nizwa anayelazwa kila miezi michache si mamalia wa wastani. Utando wake una mikia mingapi yenye muungo maradufu, tabaka la ndani na la nje? Hula samaki mara ngapi? Chembe zake hugeuza lipidi nje ndani kiasi gani zinapokunjamana? Hakuna programu itakayotoa orodha hiyo. Hutolewa kwa sindano, kwa mashine ya kutenganisha mafuta, kwa mtu anayejua kuhifadhi sampuli isioze kabla ya kupimwa. Hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2004 kuandikisha na kufuatilia wagonjwa wa selimundu, na yanayojulikana leo kuhusu ugonjwa huu Tanzania yametokana kwa sehemu kubwa na watu waliokaa na wagonjwa na damu yao.

Tukiacha kupima wenyewe, tutaiga utando wa wengine na kuuita wetu. Makala zitachapishwa, shahada zitatolewa, na mtoto wa Nizwa hatakuwemo hata kwenye faili moja.

5. Muda

Hili ni fupi. Kwa hatua za femtosekunde 2, mikrosekunde moja inataka hatua milioni 500. Katika sehemu ya kumi ya muda huo, lipidi moja husogea nanomita moja na kitu; ni kama kuhama kutoka jirani mmoja hadi mwingine. Lakini lipidi nyingi za utando zikiachwa bila msaada wa protini huchukua saa, hata siku, kuvuka kutoka tabaka moja hadi jingine, na samaki au tumbawe hubadilisha mchanganyiko wa mafuta yake kwa siku na wiki maji yanapopata joto. Anayejenga utando wake wa kuigiza kwa mchanganyiko asioupima, kisha akauendesha kwa mikrosekunde chache, kwa kiasi kikubwa atasomewa tena kile alichokiweka mwenyewe. Matumbawe ya visiwa vya Daymaniyat yamejibadilisha au hayakujibadilisha. Wa kutujuza ni mzamiaji mwenye sampuli.

6. Hiyo bure ni ya nani

Programu ni bure, kweli. Kadi za michoro si bure, na kila wati zinayotumia hugeuka joto ambalo kiyoyozi lazima kilitoe, katika mji ambao kiangazi chake hupita nyuzi 45 na umeme wake hutegemea zaidi gesi. Gharama hiyo huandikwa kwenye bili ya jengo, haionekani kwenye bajeti ya utafiti, ndiyo maana uigaji huonekana rahisi.

Gharama kubwa zaidi ni ya watu. Fundi anayeweza kutoa lipidi kwenye damu bila kuziozesha hafunzwi kwa wiki mbili. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilifunguliwa mwaka 1986. Kizazi kimoja tu cha walimu wenyeji kimepita hapo. Ukikiacha kizazi cha pili kifuzu bila kugusa sampuli, hakutakuwa na wa kukifundisha cha tatu. Utaalamu huo ukipotea haupakuliwi kwenye intaneti. Hapo ndipo nchi inapobaki mteja wa kudumu: vigezo kutoka Maryland na Groningen, orodha za lipidi kutoka kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani, na sisi kazi yetu kubofya na kusubiri.

Najua nitaulizwa: unataka tuzime kompyuta? Sitaki. Nataka zifuate utaratibu. Uigaji wa 2002 ulitusaidia kuielewa DHA kwa sababu ulikaa meza moja na kipimo. Mwanafunzi aliyepima mafuta ya dagaa wa Matrah kabla na baada ya wiki ya joto, kisha akaiga utando wenye lipidi zile zile zilizooza, atajua kwenye skrini kipi ni kweli na kipi ni jedwali linalosema. Mwenzake aliyeanzia kwenye skrini hana namna ya kujua.

Kwa hiyo nawaomba wanaogawa fedha za utafiti, hapa Maskati na huko kwetu pwani: msikubali ombi lolote la kuiga utando wa wagonjwa au wa viumbe wetu lisiloeleza damu, samaki au tumbawe lipi litapimwa, na nani, na kwa mashine gani. Na mzazi ambaye kijana wake amepata nafasi ya kusomea fani hii, amuulize msimamizi kabla ya kusaini karatasi yoyote: maabara iko wapi, na mwanangu ataingia humo lini?